Wa Saa Kumi na Moja

Mwisho wa Septemba, kusini mwa Moldova.
Nilifika kungali giza, mbwa wa Anatol hajabweka,
na mkasi wa marehemu baba,
na kipande cha mkate mfukoni mwa koti.
Umande ulikuwa umeshika majani ya mizabibu.
Kufikia ndoo ya tisa vidole vyangu havikuwa vyangu tena.

Saa sita niliacha kuhesabu ndoo,
nikaanza kuhesabu watu.
Ruxanda na wanawe, walikuja saa tatu.
Yule Mgagauzi mwenye kikohozi, saa sita hiyohiyo.
Mapacha wa fundi viatu, saa tisa,
wamenawa, wanacheka.

Halafu Ghenadie.
Saa kumi na moja, jua limeshakalia paa la ghala,
anakuja akiburuta mguu, kofia mkononi,
kama mtu aliyefuata msamaha, si kibarua.
Alikata nusu ya safu. Nusu!
Nilimwona. Vichala vingine alivirarua,
vingine alivila.

Anatol alilipia juu ya mfuniko wa pipa,
akianza na wa mwisho.
Alilamba kidole gumba, akahesabu:
lei mia nne, kwa Ghenadie.
Moyo wangu ukaruka.
Nikapiga hesabu upesi: buti za Sanda,
kioo cha dirisha la jikoni,
dawa ya macho ya mama.

Zamu yangu ikafika. Mia nne.

“Tulipatana ngapi, Ilinca?”
Hakuuliza kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejibu.
“Mia nne,” nikasema,
naye akafunga mkebe wake wa bati.

Mfano ule naujua tangu utotoni.
Bibi alinisimulia akimenya viazi,
nami nilidhani ni habari ya watu wa kale,
wenye majoho na dinari.
Sikujua unaweza kukaa mfukoni mwangu
ukaniwasha.

Mchumia juani hulia kivulini, ndivyo nilivyofunzwa.
Hakuna aliyenifunza la kusema
juu ya aliyechumia kivulini
akala nami meza moja.

Usiku nilipita dukani kununua chumvi.
Ghenadie ndiyo kwanza ametoka, unga begani.
“Leo amelipa deni,” akasema Aglaia mwenye duka.
“Maskini, nilimwona pale sokoni tangu alfajiri.
Malori matatu yalisimama.
Kila dereva alimtazama mguu,
akapakia wengine.”

Tangu alfajiri.
Yaani wakati nikipuliza vidole vyangu kwenye safu ya kwanza,
yeye alikuwa amesimama.
Wakati nikila mkate wangu nimeegemea gurudumu la trekta,
yeye alikuwa amesimama.
Kumbe na kungoja ni kazi,
tena haina ndoo ya kuhesabia,
na jioni hakuna anayekuita kwa jina.

Nilisahau chumvi.

Sitadanganya kwamba nilitakasika.
Nililala nimekunja ngumi,
nikimweleza Mungu habari ya mgongo wangu
kana kwamba hajawahi kuuona.
Na dirisha la jikoni bado lina gazeti badala ya kioo.

Lakini asubuhi miguu yangu ilishika njia ndefu,
ile ya kupitia sokoni.
Alikuwepo, kofia mkononi.
Sikumwambia neno lolote la maana.
Nilisema, “Ukikata, shika kikonyo kwanza.
Jana uliharibu zabibu za watu.”
Akacheka. Sikujua kuwa ana meno mazuri.

Tukatembea kwa mwendo wa mguu wake,
polepole, tukipumzika kila penye jiwe.
Ruxanda alitupita. Mapacha wakatupita.
Tulipofika jua lilikuwa limepanda,
umande umekauka,
na mbwa alikuwa amekwisha kubweka
na kulala.